Kibumba: Kusikiliza radio si kosa, wala si lazima mtu aeleze anasikiliza nini

Kibumba, eneo la Nyiragongo – Mwenye simu akikaribia bariyeri anajua la kufanya: anafuta ujumbe, anafuta picha, anaomba Mungu. Mwenye radio ndogo hana la kufuta. Radio inapokea tu. Hata antena inayorusha sauti haijui nani anaisikiliza.

Kwa hiyo mama anayezima radio yake akisikia hatua za mtu mlangoni ajue sheria inasemaje. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 24, inampa kila mtu haki ya kupata habari. Kifungu cha 31 kinalinda maisha yake ya ndani na siri ya mawasiliano yake. Siri hiyo haiguswi ila pale sheria inaporuhusu. Na Tangazo la Haki za Binadamu la 1948 linasema habari zipokelewe bila kujali mipaka. Okapi, RFI au radio ya nchi jirani, masikio ni yake.

Motorola ni jambo lingine. Sauti za askari wanaoongea wao kwa wao si matangazo ya watu wote, na kifungu kilekile cha 31 kinakataza kuzinasa. Kijana akikutwa nazo wakati wa vita, nani atakubali kwamba alikuwa akitafuta tu habari za shamba lake?

Lakini wanaozima radio si askari peke yao. Julai 2009 serikali ilikata RFI nchi nzima, ikarudi Oktoba 2010. Desemba 2012, M23 ikiwa ndiyo imetoka Goma, CSAC ilisimamisha Radio Okapi siku nne. Siku nne ni nyingi kwa aliyekimbia na watoto.

Tarehe 23 Desemba 2022 M23 ilitangaza kukabidhi Kibumba kwa jeshi la Afrika Mashariki. Waliokuwa Kanyaruchinya walitaka kujua kitu kimoja: je, njia imefunguka kweli? Kambi za kando ya Goma zilipoondolewa Februari 2025, swali likawa lilelile.

Wanaogawa maharagwe na mahema waongeze radio za jua, maana mabuye ya radio yana bei. Na wenye kulinda bariyeri wasiulize imewekwa kwenye mawimbi gani.