Kila Mtu na Kufuli Lake

Muhula uliopita sisi wanachama wa chama cha kompyuta tulikatazwa kuendesha programu zetu wenyewe katika seva ya shule. Tangu siku hiyo twaandika kurasa tupu zisizotenda kitu, mfano wa matangazo yaliyobandikwa ubaoni. Wengi husema katazo hilo ni la haki. Mimi nasema si la haki, ingawa kosa lililolileta lilikuwa langu.

Kisa chenyewe ni hiki. Niliandika programu ndogo ya kupokea majina ya watakaosema katika mdahalo. Ilipokataa kuandika majina hayo, mwenzangu mmoja alinishauri niipe folda yangu ruhusa ya 777. Nikafanya hivyo, programu ikaenda, nami nikafurahi. Sikujua maana yake. Katika Linux tarakimu ya kwanza ni ya mwenye mali, ya pili ni ya kundi lake, na ya tatu ni ya watu wengine wote. Nayo 7 ni jumla ya 4 ya kusoma, 2 ya kuandika na 1 ya kuendesha. Basi 777 ni kama kusema: yeyote na aingie, asome, abadili apendavyo. Siku moja kabla ya mdahalo nilikuta orodha yote imefutwa. Aliyeifuta hajulikani hata leo.

Kwa nini hajulikani? Hapo ndipo penye shina la jambo. Msomaji akiita ukurasa wenye programu, si mwanafunzi anayeiendesha programu ile, bali ni seva. Na seva yetu, Apache, ilikuwa ikifanya kazi zote kwa jina moja tu, lake yenyewe. Programu yangu, ya dada wa S.2 na ya chama cha mdahalo, zote zilikwenda kwa jina hilo. Fikirini bweni ambalo masanduku yote hufunguliwa kwa ufunguo mmoja. Kitu kikiibwa, utamwuliza nani? Tena ili seva iweze kusoma faili zetu ilitulazimu kuifungulia; na kila kilichosomwa na seva kiliweza kusomwa na programu ya mwanafunzi yeyote, hata faili lenye maneno ya siri.

Dawa ya ugonjwa huu si ngeni. Tangu mwaka 1997 Apache, toleo la 1.2, ina bawabu aitwaye suEXEC. Kazi yake ni kuendesha programu ya kila mtu kwa jina la mwenyewe. Kabla ya kufungua mlango hukagua mambo mengi. Programu ni ya mtu yule kweli? Folda yake yaweza kuandikwa na wengine? Ikiwa yaweza, hukataa. Je, anayetajwa ni mtumiaji mkuu wa mashine, yule mwenye namba 0? Hukataa pia. Kama bawabu huyu angalikuwapo, 777 yangu ingalikataliwa siku ile ile, nami ningalijifunza bila kumwaibisha mtu. Tena faili la programu yangu ningaliweza kulipa 700, yaani mimi peke yangu.

Wapo waliojaribu njia nyingine. Lugha ya PHP ilikuwa na kinga iitwayo safe_mode, iliyotaka kuwazuia watumiaji ndani ya lugha yenyewe. Ilikuwa mfano wa kuweka mlinzi katika mlango mmoja wa nyumba yenye milango mitano, kwa kuwa programu za lugha nyingine hazikupita kwake. Mwaka 2012, katika toleo la 5.4, iliondolewa kabisa.

Najua mtu atauliza: je, mwanafunzi akiandika programu isiyo na mwisho, suEXEC itaizuia? La, haitaizuia. Kwa hiyo lazima iwekwe mipaka ya kumbukumbu, ya muda wa kazi, na ya idadi ya programu ambazo mtu mmoja aweza kuendesha kwa wakati mmoja. Linux huweza kuweka mipaka hiyo kwa kila mtumiaji, lakini yafaa kwanza kila mtumiaji awe na jina lake. Tena bawabu mwenyewe hushika nguvu za mtumiaji mkuu kabla ya kumkabidhi mtu kazi, na akiwekwa ovyo huleta hatari mpya. Ndiyo sababu watengenezaji wa Apache hawamweki mpaka mwenye seva atake. Mwisho, programu yangu ikiwa na tundu, mwizi atapata faili zangu zote. Haya, na iwe hivyo. Hasara itakuwa yangu mimi, si ya bweni zima.

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu waheshimiwa waturudishie ruhusa kwa masharti matatu: kila mwanafunzi awe na jina lake katika seva, bawabu awekwe na mtu aliye stadi, na mipaka iandikwe ubaoni ili sote tuijue. Atakayeivunja, jina lake litaonekana, naye ataadhibiwa peke yake. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo nililivunja mimi. Msiwanyime wenzangu moto.