Wacheni Kusingizia Upepo

Kila Januari na Februari ni stori ile ile. Mtu anapost video ya usiku, mstari mwekundu unatambaa juu ya Aberdare ama Mlima Kenya, wimbo wa huzuni chini yake, na komenti zimejaa emoji za kulia. Halafu anatokea yule msee wa kujua kila kitu: "Ni upepo buda, jua limezidi, ni tabianchi." Mwingine anasema ni radi. Wanapewa laiki, na kesho tumesahau.

Mimi nimechoka na hizo komenti. Upepo haubebi kiberiti.

Tuanze na radi, juu hiyo ndiyo inanikasirisha zaidi. Kuna mahali radi inachoma milima kweli. California, Agosti 2020, katikati ya kiangazi chao, ngurumo zilipita karibu bila mvua. Radi zikapiga kwa maelfu, kwa siku chache tu, kwenye misitu iliyokuwa imekauka kama karatasi, na mamia ya mioto yakawaka. Huko mvua inaweza kudondoka kutoka kwa wingu na kukauka hewani kabla haijagusa ardhi. Radi inafika, maji hayafiki. Na wingu likiishiwa nguvu, hewa baridi inaporomoka na kusambaa pande zote kama upepo mkali unaochochea kile ambacho radi imeshawasha. Hiyo ni hatari ya kweli, na watu wa kule wanaijua.

Sasa sisi? Muulize mtu yeyote wa Kisii ama Kakamega radi hupiga lini. Hupiga na mvua inayomwagika. Milima yetu inaungua wakati kaskazi kavu inavuma na anga iko bluu ya kupigia picha. Radi gani hiyo inayochagua wikendi?

Upepo nao sikatai una kazi yake. Asubuhi jua likipasha mteremko, hewa inapanda kutoka bondeni. Usiku ikipoa, inashuka. Moto ukianzia chini mchana, upepo unausukuma juu, na joto lake linakausha nyasi za mbele kabla hata ndimi hazijazigusa. Ndiyo maana moto hukimbia ukipanda mlima, pale pale ambapo mimi na wewe tunahema kila hatua tano. Na zile nyasi zilioteshwa na mvua ya Novemba tuliyoishukuru sana. Jua na upepo huandaa meza. Lakini kuna mkono unaowasha: mrina asali na moshi wake, mchoma makaa, mwindaji, mchungaji anayetaka majani mapya.

Na sisi wa Nairobi wenye viatu vipya.

Ngoja nijitaje mwenyewe kwanza. Miaka michache iliyopita, mwezi wa Februari, nililipia safari ya kulala juu huko Aberdare na kikundi ambacho sitakitaja. Tulikuwa wasee kama thelathini. Usiku wakawasha moto wa kambi, kadogo tu, wa kuota. Ni mimi niliyesema waongeze kuni. Kwa kamera ulikuwa unaonekana mnyonge, na mimi nilikuwa nimekuja kutafuta kontenti. Waliongeza. Ikawaka vizuri, tukacheza, nikapata video yangu.

Saa nane usiku hivi upepo ukageuka, ukaanza kushuka kutoka kwenye ukingo. Cheche zikaingia kwenye mafungu ya nyasi nyuma ya hema. Nyasi za huko hazishiki moto polepole, zinalipuka. Watu walitoka wakipiga nduru, wengine bila viatu. Aliyeuzima ni mzee mmoja mbeba mizigo, akipiga na matawi mabichi na jaketi lake mwenyewe, huku sisi tukimwaga maji yetu ya kunywa. Kwa bahati uliishia kipande kama cha matatu mbili zimeegeshwa sambamba.

Asubuhi nilimkuta bado pale na panga, anachimba. Nikamwambia, "Mzee, si umezima?" Akanionyesha shimo likifuka moshi. Udongo wa huko juu katika sehemu nyingi ni kama majani yaliyooza yakashikana, na moto unaweza kukaa chini yake siku kadhaa, umetulia, ukingojea upepo. Akaniambia, "Nyinyi vijana mtarudi Nairobi. Mimi nitarudi hapa." Kisha akachukua mtungi akashuka kijitoni. Sisi tukapanda kileleni kupiga picha. Ile video ndiyo ilipata laiki nyingi kuliko zote nilizowahi kupost, na kale kadoa keusi sikukaonyesha. Hakuna aliyeripoti, hakuna aliyelipa faini.

Sasa nikisikia "ni upepo", nakumbuka nani aliitisha kuni.

Na isionekane ni stori ya kitoto. Oktoba 2020 Kilimanjaro iliwaka siku baada ya siku, mamia ya watu wakapanda kuuzima, na karibu kilomita za mraba 95 zikaungua. Taarifa ya kwanza ya TANAPA ilisema moto ulianza wapagazi walipokuwa wakipasha chakula cha wageni. Chakula tu! Hakuna mtu alikuwa na nia mbaya.

Kuhusu tabianchi, sawa, tuongee. Tunapenda kulilia theluji ya Kilimanjaro kwa sababu inaonekana kwenye picha. Mwaka 2005 mtafiti Andreas Hemp, aliyeusoma mlima ule miaka mingi, alichapisha kitu ambacho kingefaa kuwa kwenye kila fulana ya wapanda milima. Hali ya hewa imekauka, ndiyo, na ukavu huo umeleta moto zaidi. Moto nao umeushusha mpaka wa juu wa msitu. Ile miti ya jamii ya erika, yenye majani membamba na ndevu za kijani zinazoning'inia, hukamata ukungu na kuudondosha chini kama maji. Ikiungua, mlima unapoteza maji mengi kuliko yanayopotea kwa barafu kuyeyuka. So tunalia na kofia nyeupe wakati nguo zinaungua.

Kwa wale mnaosema Kilimanjaro ni Tanzania: bwawa la Ndakaini, linaloipa Nairobi sehemu kubwa ya maji yake, linajazwa na mito inayoshuka kutoka Aberdare. Wewe wa Kayole unayenunua maji kwa mtungi, hii stori ni yako.

Najua mtaniambia, "Na wachoma makaa je?" Sisemi kila moto ni wetu. Lakini mchoma makaa akishikwa anapelekwa kortini, na mrina asali anatajwa kwa kila taarifa. Sisi tuko juu ya mlima ule ule, mwezi ule ule, na moto wetu una hashitegi. Nani ashawahi kutuuliza?

Marekani, siku upepo ni mkali na hewa ni kavu, idara ya hali ya hewa hutoa onyo la bendera nyekundu. Kwenye misitu mingi unakuta kibao chenye mshale kinachosema hatari ya moto leo iko wapi, na ikizidi, moto wa kambi unapigwa marufuku. Mimi sijawahi kuona mshale kama huo kwenye geti lolote nililopita. Nimeona bei ya kiingilio. Kibao ni mbao na rangi, jameni. KWS na KFS wakiweka, nitakuja kupaka bure.

Na vikundi visingoje serikali. Januari hadi mvua za Machi zishike, hakuna moto wa wazi juu, pika kwa jiko la gesi mahali pasipo na nyasi. Upepo ukiwa mkali, ahirisha safari na urudishe doo za watu.

Nina safari nyingine mwezi ujao. Juzi nilimuuliza mwenye kikundi kwenye WhatsApp kama kutakuwa na moto wa kambi. Alijibu na emoji tatu za moto. Nimemwomba pesa yangu.