Fomu ya mkopo isomeke hata kwa asiyeona

ZAMANI habari za bei zilifika Tabora kwa mdomo. Misafara ya karne ya 19 iliyopita kati ya Ujiji na Bagamoyo ilitua Unyanyembe, na wapagazi wa Kinyamwezi walirudi na habari za pwani. Asiyeona aliyeketi barazani alizisikia sawasawa na mwenye macho.

Siku hizi habari hizo huja kwenye kioo cha simu. Tangazo la mnada, fomu ya mkopo wa halmashauri, bei ya mbolea ya ruzuku, vyote huzungushwa kwenye WhatsApp au kuwekwa kwenye tovuti. Hilo peke yake si kikwazo kwa mkulima wa karanga wa Uyui asiyeona. Simu nyingi za kisasa zina programu inayosoma maandishi kwa sauti, na kwa kompyuta ipo NVDA, inayotolewa bure tangu mwaka 2006.

Tatizo liko ofisini. Karani huandika waraka kwenye kompyuta, huuchapa, mkubwa wake husaini na kugonga mhuri, kisha karatasi hupitishwa kwenye skana na kutumwa. Kilichotumwa hapo si maandishi tena, ni picha ya maandishi. Programu nyingi za sauti zikiikuta hunyamaza, au husema "picha" basi. Jedwali la bei lililopigwa picha kwa simu, tena limelala ubavu, hata mwenye macho hulilalamikia.

Hasara yake ni ya fedha. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Sasa mtu anayetengewa fungu hilo anapolazimika kumwita kijana wa jirani amsomee masharti, siri ya biashara yake imeshatoka nje. Kijana akiruka mstari wa tarehe ya marejesho, deni si la kijana.

Wapo watakaosema mhuri ni lazima kwa kuogopa kughushiwa. Sawa, ila viambatanishwe vyote viwili: picha yenye mhuri, pamoja na faili lilelile la maandishi kabla halijachapwa. Gharama haipo. Na bwana shamba anayetuma picha ya jani lililoliwa na viwavijeshi aandike chini yake mdudu yukoje na ameacha alama gani.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, hivyo ofisi ya umma haiombwi fadhila hapa. Wauza pembejeo nao wakumbuke kuwa asiyeweza kusoma bei zao hununua kwingine.

Vyama vya msingi vya tumbaku vingeweza kuanza na karatasi moja tu, taarifa ya malipo ya mwanachama: kilo ngapi zimepokelewa, zimeingia daraja gani, na deni la pembejeo limekata kiasi gani. Ikitumwa kama maandishi, mwenye tumbaku ataisikiliza mwenyewe kabla ya kwenda benki.