Neema ni ya wote, lakini mbuzi arudishwe



Jumapili iliyopita nilisali chini ya turubai pamoja na familia zilizokimbia vita. Ulipofika wakati wa kuita wenye dhambi, kijana mmoja alitoka nyuma, akapiga magoti mbele ya wote. Wengi walimtambua. Zamani alikuwa msituni na kundi lenye silaha, na kazi yake ilikuwa kusimama kwenye bariere, kutoza wapita njia na kugawa jetoni za ile kodi inayoitwa « lala salama ». Ninyi mliotoka Masisi au Rutshuru sina haja ya kuwaeleza kodi hiyo ni nini.

Mhubiri alimwekea mikono, waimbaji wakaimba. Kisha akashika mikro, akawaamuru wote waliokosewa na kijana huyo wasimame palepale, wamkumbatie, watangaze kwamba wamesamehe. Mama mmoja aliyeketi karibu nami juu ya bidoni ya maji hakwenda mbele. Alimfunga mtoto mgongoni, akatoka nje.

Baada ya ibada maneno yakawa mengi. Wengine walisema mama yule ana moyo mgumu. Wengine walisema mtu wa bariere hana nafasi kanisani, arudi msituni alikotoka. Mimi naona pande zote mbili zimekosea, na Biblia tunayoibeba kila Jumapili inatuonyesha hivyo.

Nianze na wanaotaka kumfukuza. Mathayo, aitwaye pia Lawi, alikuwa wapi Yesu alipomwita? Aliketi mahali pa kutoza ushuru, huko Kapernaumu, kando ya ziwa la Galilaya, karibu na mpaka kati ya utawala wa Herode Antipa na ule wa ndugu yake Filipo. Kwa maneno yetu, alikuwa kwenye bariere. Yesu hakumngoja atubu kwanza ndipo amwite. Alimwita akiwa bado ameketi penye kazi yake, kisha akaenda kula naye nyumbani. Watu wa dini waliponung'unika, aliwajibu kwamba mganga huenda kwa wagonjwa. Anayesema mtu wa namna hii asiitwe, basi amtoe na Mathayo katika Injili. Neema si mshahara wa watu wema, ni zawadi ya Mungu.

Na sisi wa kambini tusijifanye wasafi. Kuna walioandikisha majina ya watu wasiokuwepo ili wapate chakula mara mbili. Kuna waliouza jetoni za misaada za mjane asiyejua kusoma. Bariere haiko barabarani tu. Kama mlango wa neema ungefungwa kwa kijana yule, na sisi wengi tungebaki nje.

Sasa nije kwa mhubiri na wenye kumlaumu mama. Hapa tumsome Zakayo wa Yeriko, mkuu wa watoza ushuru. Yesu alimwambia ashuke kutoka kwenye mkuyu kabla hajaahidi chochote. Neema ilitangulia. Lakini Zakayo alipoipokea hakulia tu na kuimba. Alisimama akasema kwamba nusu ya mali yake anawapa maskini, na kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne.

Kwa nini mara nne? Torati, katika kitabu cha Hesabu, ilimtaka mwenye kukiri kosa lake arudishe kitu chote na kuongeza sehemu ya tano. Mara nne ilikuwa hukumu ya mwizi aliyeiba kondoo akamchinja au akamwuza, kama ilivyo katika kitabu cha Kutoka. Zakayo alijihesabu mwizi bila kusukumwa na mtu. Ndipo Yesu akasema kwamba wokovu umeingia nyumba ile.

Tena sioni mahali Yesu alipowapanga watu wa Yeriko mstari wamkumbatie Zakayo. Aliyeinuka kwenda kwa wenzake ni yule aliyekosa. Sipingi msamaha, Bwana ametuagiza kusamehe. Ninachopinga ni kumlazimisha mtu mwenye kidonda atoe ushuhuda kwa mikro ili ibada ipendeze. Anania wa Dameski alipotumwa kwa Sauli, alimwambia Mungu waziwazi habari za maovu ya mtu huyo. Mungu hakumgombeza, alimweleza. Baadaye Anania mwenyewe akaenda, akamwita Sauli ndugu.

Kijana yule afanye nini? Aende na mchungaji na wazee, nyumba kwa nyumba, aseme alichochukua. Kama alikula mbuzi, arudishe mbuzi. Kama hana, ana mikono: alime, ajenge kibanda cha mjane, achote maji. Kama anajua waliopotea walizikwa wapi, aonyeshe.

Na penye damu au ubakaji, hilo si jambo la kumalizwa na mchungaji peke yake. Hata sheria ya msamaha ya nchi yetu, ya tarehe 11 Februari 2014, iliwasamehe waasi kwa makosa ya uasi, lakini iliacha nje uhalifu wa kivita, uhalifu dhidi ya binadamu na ubakaji. Msidhani kwamba kwenda mahakamani ni kuikana neema. Yule mhalifu aliyetubu kando ya Yesu aliahidiwa paradiso siku ileile, na bado hakushushwa msalabani. Yeye mwenyewe alikubali kwamba adhabu yake ilikuwa ya haki.

Siku ya Jumatatu nilimtembelea yule mama. Aliniambia kwamba hakukataa kusamehe, na wala hamtakii kijana kifo. Mume wake alishikwa kwenye bariere ile, na tangu siku hiyo hakurudi. Anachotaka ni kijana amweleze mume wake alipelekwa wapi, ili awe na la kuwajibu watoto wanapouliza.

Wachungaji wetu, endeleeni kuwaita wenye dhambi, msichoke. Lakini Jumapili ijayo, kabla ya waimbaji kuanza, mketisheni kijana huyo na mama huyo pamoja na wazee, mbali na mikro, ajibu swali lile. Hapo nasi tutajua kwamba wokovu umefika kambini kwetu.