BIMA RAHISI ISIGEUKE GHALI

Nenda katika kijiwe chochote cha madereva, kiwe cha bodaboda pale Manzese au cha teksi katika mji wa Mwanza, ukae nusu saa usikilize. Bima ya mmoja wao ikikaribia kwisha, ni nadra kumsikia akiuliza ni kampuni gani inayolipa fidia bila kuzungusha watu, au ni ajali zipi zilizomo katika hati yake. Atauliza jambo moja tu: wapi wanakata kwa bei rahisi?

Sisi hatumlaumu dereva huyo. Mtu ambaye kila jioni hana budi kupeleka hesabu kwa tajiri wake kabla hajanunua unga wa watoto, ana haki ya kuitazama kila shilingi inayotoka mfukoni mwake. Bima nafuu ni haja ya kweli ya wananchi. Lakini twasema, na tutazidi kusema, kwamba unafuu wa bima haupimwi siku ya kuinunua. Hupimwa siku ya ajali. Bima ya bei ndogo isiyolipa kitu siku hiyo ndiyo iliyo ghali kuliko zote, kwa maana mwenyewe amelipa ada, kisha atalipa na hasara.

Yafaa kwanza tukumbushane kwa nini sheria inamlazimisha kila mwenye chombo cha moto kukata bima. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, haikuwekwa ili askari wa barabarani apate kitu cha kukagua. Iliwekwa kwa ajili ya mtu asiyekuwamo katika mapatano: mama anayevuka barabara na beseni lake la ndizi, mtoto anayetoka shule, mzee aliyesimama kituoni. Watu hao hawakuchagua dereva wala kampuni. Wakigongwa, hospitali itadai gharama zake, na nyumbani watu watakula nini? Bima ndiyo ahadi ya kwamba hawataachwa. Mahakama ikimhukumu dereva kuwalipa, sheria yaitaka kampuni iliyotoa bima hiyo itimize hukumu. Basi mwenye kununua karatasi ya uongo hamdanganyi askari peke yake. Anamwibia mama yule.

Zamani uchaguzi haukuwapo. Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 likawa ndilo peke yake lenye kazi hiyo katika Tanzania Bara. Sheria ya mwaka 1996 ikafungua mlango kwa makampuni ya watu binafsi, na sheria ya mwaka 2009 ikaweka Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, inayojulikana kwa jina la TIRA. Leo makampuni ni mengi na mawakala ni wengi zaidi. Jambo hilo lina heri yake, kwa kuwa mnunuzi anaweza kwenda huku na huku akapata bei njema. Lakini anayechagua pasipo kujua anachochagua amekwisha kuchaguliwa na muuzaji.

Tuzitazame basi aina mbili ambazo watu wetu huziita bima ndogo na bima kubwa. Bima ndogo hulipa madhara ambayo gari lako limemfanyia mtu mwingine. Gari lako likibondeka, likiungua au likiibwa, hupati kitu. Bima kubwa hulipa madhara ya watu wengine na hasara ya gari lako pia, nayo ada yake huhesabiwa kwa sehemu ya thamani ya gari. Tuseme gari ni la shilingi milioni 10, na kampuni inatoza asilimia 3.5, ada yake kabla ya kodi itakuwa shilingi 350,000 kwa mwaka. Mwenye gari kuukuu ambalo akilipoteza ataumia lakini hataanguka, anaweza kuridhika na bima ndogo na kujiwekea akiba. Lakini aliyekopa fedha akanunua gari la kumlisha, akakata bima ndogo ili aokoe laki mbili, amecheza kamari na chakula cha watoto wake. Gari likiteketea, deni halitateketea pamoja nalo.

Wako pia wanaotaja thamani ndogo kuliko ya kweli ili ada ipungue. Hao wajue kwamba fidia nayo itapungua, kwa sababu kampuni hailipi zaidi ya kiasi kilichoandikwa. Na wako wanaotaja thamani kubwa wakitumaini kupata faida. Nao wanapoteza, maana kampuni hulipa bei ya gari katika soko siku ile ya ajali, si bei ya ndoto. Ukweli ndio unaogharimu kidogo.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba madereva si wa namna moja, na hati inayomfaa huyu yaweza kumwangamiza yule. Mtumishi anayeendesha gari lake kwenda kazini na kurudi ni mmoja. Kijana anayeazima gari hilo jioni akabeba abiria wanaoita gari kwa simu ni mwingine, hata kama gari ni lile lile. Bima iliyokatwa kwa matumizi ya nyumbani haikuhesabiwa kwa kazi ya kubeba watu kwa malipo, na siku ya ajali kampuni inaweza kulikataa dai. Madereva wengi wa kazi hii mpya hawaijui habari hiyo mpaka wamekwisha kuumia. Twawasihi waseme kazi yao wazi wanapokata bima, japo ada itapanda kidogo.

Dereva mpya naye ana mambo yake. Mara nyingi hati humtaka dereva mwenye umri mdogo au leseni changa ajilipie mwenyewe sehemu kubwa zaidi ya hasara kabla kampuni haijatoa kitu. Mzazi anayemkabidhi mwanawe ufunguo asome kwanza mstari huo, ndipo amkabidhi.

Dereva wa lori aendaye Zambia, Kongo au Rwanda asifikirie kwamba bima ya nyumbani itamfuata ng'ambo ya mpaka wa Tunduma au Rusumo. Upo mpango wa Kadi ya Njano wa nchi za COMESA, ulioanza mwaka 1987, ambao Tanzania imeendelea kuwamo hata baada ya kutoka katika jumuiya hiyo mwaka 2000. Kadi hiyo huchukuliwa kwa kampuni yako mwenyewe kabla ya safari, nayo humwondolea dereva haja ya kununua bima mpya katika kila nchi anayoingia. Huo ndio unafuu wa kweli.

Twakuja kwa ndugu zetu wa bodaboda na bajaji, ambao tangu kanuni za mwaka 2010 wana leseni yao ya kubeba abiria kama wachukuzi wengine. Wengi wao wana bima ndogo na wanaamini wamekingwa. Wamewakinga wengine, nalo ni jambo la sifa. Lakini dereva mwenyewe akivunjika mguu, bima hiyo haimlipi yeye. Atalala kitandani miezi mitatu, pikipiki itakabidhiwa mtu mwingine, na mke wake atahangaika kwa majirani. Anayehitaji kinga kuliko wote ndiye asiyekuwa nayo! Dawa yake ni bima ya ajali ya kikundi, ambayo huwahesabu wanachama wengi katika hati moja na kugawana ada. Mtu mmoja akienda kwenye kampuni kuomba apunguziwe, huonekana msumbufu. Kijiwe chenye watu mia, chenye daftari la wanachama na viongozi wanaojulikana, kikienda pamoja, kitapewa kiti. Haba na haba hujaza kibaba. Vyama vya madereva vilivyopo visiwe vya kuzika wenzao na kupanga foleni tu. Viwe pia vyama vya kununua bima kwa sauti moja.

Sasa tuseme juu ya vishoka. Mamlaka imeweka kiwango cha chini cha ada, ambacho kampuni ya halali haipaswi kukivuka kwenda chini. Kwa hiyo mtu akikutokea pembeni ya barabara na kukuuzia bima ndogo kwa nusu ya bei ya wenzake, usifurahi, uliza. Siku hizi bima huandikwa katika mfumo wa TIRA, na mwenye gari anaweza kuitafuta kwa namba ya usajili kwa kutumia simu yake. Kazi hiyo ni ya dakika chache. Ikiwa gari lako halionekani humo, umenunua karatasi, hukukata bima. Tena bima haianzi kwa ahadi ya kulipa kesho. Huanza ada ikiisha kulipwa. Chukua stakabadhi, uitunze.

Na hata kampuni ya halali yaweza kuanguka ikiwa inauza kinga kwa bei isiyotosha kulipa madai. Jirani zetu wa Kenya wamelionja jambo hilo. Kampuni ya United iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011, nazo zote mbili zilikuwa na matatu nyingi miongoni mwa wateja wao. Wenye magari walikuwa wamelipa ada, na waliojeruhiwa walikuwa na hukumu za mahakama mikononi, lakini kwa kampuni iliyofungwa hukumu huwa karatasi tupu. Bei iliyoshushwa kupita kiasi ni deni ambalo mtu mwingine atalilipa baadaye, na mara nyingi mtu huyo ni majeruhi maskini.

Twasema hayo si kwa kuwatetea mabwana wa makampuni. Nao wana neno la kujibu. Dereva aliyekaa miaka mitano bila kudai hata senti, kwa nini atozwe sawasawa na yule anayegonga kila masika? Yapo makampuni yanayompunguzia ada dereva mwangalifu, lakini wengi hawaambiwi haki hiyo, na asiyeomba hapewi. Punguzo hilo litangazwe wazi, kila mteja alijue siku anapokata bima. Hati nazo ziandikwe kwa Kiswahili safi. Ni aibu kumpa mwananchi kurasa kadhaa za Kiingereza cha wanasheria, atie sahihi, kisha siku ya msiba aonyeshwe kifungu asichokisoma. Na dai la haki lilipwe upesi. Watu hukimbilia bei rahisi kwa sababu wamekwisha kuamini kwamba kampuni zote hazilipi. Na akiamini hivyo, mtu mwenye akili atanunua ile ya bei ndogo kuliko zote. Kampuni inayochelewesha fidia ndiyo inayompelekea kishoka wateja.

Serikali nayo twaiomba itazame jambo moja. Bima ndogo ya pikipiki si anasa. Ni sharti la sheria, na juu ya ada yake mna kodi ya ongezeko la thamani. Je, haifai kufikiri kama kinga hii, ambayo maskini huinunua ili kumlinda maskini mwenzake, ingeweza kupunguziwa mzigo? Na ukaguzi wa barabarani umtafute muuza karatasi za uongo kwa bidii ile ile inayomtafuta mnunuzi.

Kwa wenye magari na madereva wote, shauri letu ni fupi. Kabla ya kulipa, uliza mambo manne: bima hii yalipa hasara ya nani, yaruhusu kazi ninayoifanya, nitajilipia kiasi gani mwenyewe, na nikipata ajali nitoe taarifa kwa nani na katika siku ngapi. Nenda kwa mawakala watatu, si mmoja, ukawaulize hayo hayo, ndipo ulinganishe bei. Ajali ikitokea, toa taarifa polisi na kwa kampuni bila kukawia, wala usipatane na mtu gizani. Ukikataliwa dai lako bila haki, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa na sheria. Peleka shauri lako kwake, usirudi nyumbani kunung'unika.

Wahenga walisema ajali haina kinga, nao walisema kweli. Hakuna hati inayoweza kuzuia tairi lisipasuke wala mvua isinyeshe. Lakini umaskini unaofuata ajali una kinga, nayo inanunulika, ikiwa mnunuzi atajua anachonunua na muuzaji atatimiza alichokiuza. Dereva aliyeuliza "wapi wanakata kwa bei rahisi" aongeze swali moja: "na wakati wa kulipa, wanalipa?" Siku swali hilo litakapoulizwa katika kila kijiwe cha nchi hii, makampuni mabaya yatakosa pa kujificha, na mama mwenye beseni la ndizi atavuka barabara akijua kwamba, likimpata la kumpata, hatakuwa peke yake.