King'ora Kinamlilia Nani?

Kila msafiri wa barabara zetu kuu anakijua kishindo hicho. King'ora kinalia nyuma, taa zinamulika, na mara moja matatu, malori na mikokoteni vyote vinasukumwa ukingoni. Nasi wananchi tunatii. Tunatii kwa kuwa mioyoni mwetu tunaamini kwamba mwisho wa safari ile yupo mtu anayekata roho, nyumba inayoteketea, au mama anayepigwa. Kisha gari linapita, na ndani yake tunamwona mheshimiwa akisoma gazeti.

Huenda ndugu msomaji akauliza: ya nini kupigania demokrasia kisha kujishughulisha na mwendo wa magari ya polisi na lugha ya redio zao? Tunajibu kwamba hapo ndipo utawala unapojulikana tabia yake. Ukitaka kujua Serikali inamthamini nani, usisome hotuba zake. Tazama inamkimbilia nani.

Katika nchi zilizotangulia, simu ya dharura hupewa daraja mara inapopokelewa. London ilianzisha nambari ya 999 tarehe 30 Juni 1937, baada ya moto wa mwaka 1935 katika mtaa wa Wimpole kuwaua wanawake watano. Leo polisi wa jiji hilo huigawa miito kwa uzito wake: ile ya mara moja hulengwa kufikiwa ndani ya dakika 15, na ile iliyo nzito lakini yaweza kungoja kidogo, ndani ya saa moja. Katika idara nyingi za Marekani, daraja la tatu ndilo linalomruhusu dereva kuwasha taa na king'ora pamoja. Maana yake ni kwamba king'ora si pambo la cheo. Ni ushahidi kwamba uhai wa mtu umo hatarini.

Wala ruhusa hiyo haimfanyi dereva kuwa juu ya sheria. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1984 humwondolea polisi kikomo cha mwendo pale tu ambapo kukifuata kungemzuia kutimiza kazi yake. Na tangu mwaka 1959 mahakama za huko zilikwisha kuamua kwamba polisi aliye kazini, akimgonga mpita njia kwa uzembe, huwajibika kama raia yeyote. Kumkimbilia mmoja si leseni ya kumwua mwingine.

Daraja likikosewa, watu hufa. Alfajiri moja ya Agosti mwaka 2009, mwanamke mmoja wa Cardiff alipiga 999 saa nane na dakika 29 za usiku, akisema kwamba aliyekuwa mpenzi wake amemshambulia na atarudi kumwua. Simu yake iliangukia polisi wa wilaya jirani. Hao waliipa daraja la kwanza, lakini walipoipitisha kwa wenzao, habari ya tishio la kuua haikufika. Wenzao wakaishusha hadi daraja la pili, lile la saa moja. Dakika 14 baadaye mama yule alipiga tena, na kilichosikika ni mayowe. Polisi walipofika, alikuwa amekwisha kufa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua, kwa majaji watano dhidi ya wawili, kwamba jamaa zake hawawezi kuwashtaki polisi kwa uzembe, ingawa iliwaachia mlango wa kudai haki ya uhai. Sisi, kwa heshima yote, tunasimama na wale wawili.

Vivyo hivyo kwa lugha ya redio. Polisi wa Marekani walianza kutumia nambari badala ya maneno katika miaka ya 1930, kwa sababu mitambo ya wakati huo ilikuwa dhaifu na kila sekunde ya hewani ilikuwa na thamani. Lakini nambari moja ikawa na maana hii katika mji huu na maana ile katika mji wa pili. Baada ya maafa ya Septemba 2001 na tufani ya Katrina mwaka 2005, Serikali yao iliagiza mwaka 2006 kwamba vikosi mbalimbali vinapokutana kwenye tukio moja, vizungumze lugha ya kawaida. Nasi tulijifunza somo hilo kwa damu. Pale Westgate, Septemba 2013, vikosi viwili vya Serikali moja vilirushiana risasi, na afisa wa polisi akapoteza maisha.

Sasa tujitazame wenyewe. Tarehe 7 Julai 1997 polisi hawakukawia kufika kanisa kuu la All Saints jijini Nairobi. Waliingia na kuwapiga waliokuwa wakiomba. Hatukusikia siku hiyo kwamba mafuta yamekwisha. Lakini tarehe 2 Aprili 2015, wauaji walipovamia Chuo Kikuu cha Garissa kabla ya mapambazuko, kikosi maalum kutoka Nairobi kiliingia kazini jua likiwa limekwisha kupita utosini. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Hayo ndiyo madaraja yetu yasiyoandikwa: mkutano wa raia ni dharura, kilio cha raia chaweza kungoja.

Sisi wenyewe tuliwahi kuamshwa usiku na mjane mmoja, mteja wetu, majambazi wakiwa mlangoni pake. Tulipopiga simu kituoni tuliambiwa gari lipo, dereva yupo, ila mafuta hayapo. Tulichanga fedha za mafuta na majirani usiku ule ule. Polisi walipowasili, palibaki kuandika tu katika kitabu cha matukio. Ni wangapi kati yenu, wasomaji wetu, wasio na kisa kama hicho?

Hatusemi kwamba hakuna kilichofanyika. Nambari ya 999, iliyokuwa kimya kwa miaka mingi, ilirudishwa mwaka 2013. Tena Katiba ya mwaka 2010 haina kigugumizi: Kifungu cha 26 kinalinda uhai, cha 27 kinatamka kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria, na cha 244 kinawataka polisi wawe weledi, wawazi na wenye kuwajibika. Kilichobaki ni kuyateremsha maneno hayo hadi kwenye meza ya askari anayepokea simu.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Kwanza, madaraja ya dharura yaandikwe na kutangazwa, ili raia ajue kilio chake kimepewa uzito gani. Pili, saa ya simu na saa ya kufika ziandikwe kwa kila tukio, na hesabu yake itolewe kila mwaka kwa kila kaunti. Tatu, king'ora kisitumike kumpitisha mkubwa anayechelewa mkutanoni. Nne, polisi, wazima moto na magari ya wagonjwa wawe na njia moja ya redio na lugha moja nyepesi siku ya maafa.

Watasema kwamba kutangaza ni kuwafunulia wahalifu siri. Hapana. Mbinu za operesheni zifichwe. Kipimo cha uhai wa mwananchi si siri ya dola. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali.

Na tusingoje wao waanze. Kila parokia, kila kamati ya mtaa, iwe na daftari: siku, saa simu ilipopigwa, saa polisi walipofika, jibu lililotolewa. Daftari hizo tutazipeleka kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendaji wa Polisi, na ikibidi, mahakamani. Waumini wanajua habari ya yule msafiri aliyeachwa nusu mfu kando ya njia, na wenye vyeo wakapita upande wa pili. Wale angalau walipita kimya. Wetu wanapita wakipiga king'ora, na kumtaka majeruhi asogee.