Mpime Mbwa Wako Kabla ya Kumhasi

Enyi wenye maboma wa Karungu, wa ufuoni Sori na wa vilimani kuelekea Gwassi, leo nina neno nanyi juu ya mbwa dume. Wako wanaoapa kwamba mbwa wao hatahasiwa hata siku moja. Wako pia wanaongoja mhasi wa ndama apite, wakamletea na kijibwa ambacho hakijaacha ziwa, kikatwe siku hiyo hiyo ili kazi iishe. Wote wanakosea, na anayelipa ni mbwa.

Tembeeni ufuoni asubuhi, omena wakiwa wameanikwa juu ya nyavu. Akipita jike mwenye joto, utaona msururu wa madume nyuma yake, wengine wametoka vijiji vya mbali. Wanakanyaga omena, akina mama wanawafukuza kwa fimbo, nao hawasikii. Kisha vita vinaanza. Mbwa wako anarudi nyumbani siku ya tatu, sikio limepasuka, shingoni pananuka, na ukifunua manyoya unakuta funza wanatambaa ndani ya jeraha. Siku zote hizo zizi la mbuzi lililala bila mlinzi.

Tena kuna ugonjwa ambao wengi huuona wakadhani ni kidonda tu. Ni uvimbe wa saratani unaoambukizwa wakati mbwa wanapopandana: chembe zenyewe za uvimbe hutoka mwili mmoja zikaota katika mwingine. Utaona matone ya damu kwenye uume, mbwa anajilamba bila kukoma, na ukimkagua kwa karibu unaona nyama nyekundu inayovuja. Hutibika kwa sindano za vinkristini, moja kila wiki kwa wiki kadhaa. Lakini ni wangapi miongoni mwetu watakaompeleka mbwa sindano wiki baada ya wiki? Dume asiyefuata majike hupata ugonjwa huu kwa nadra.

Basi ahasiwe lini? Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo wengi wanapopotea. Homoni inayotoka kwenye korodani, pamoja na kumfanya dume awe dume, ndiyo pia inayoiamuru mifupa ifunge na iache kurefuka. Ukiiondoa mapema mno, mifupa ya miguu huzidi kurefuka na maungio hayakai sawasawa. Benjamin Hart na Lynette Hart wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipekua kumbukumbu za maelfu ya mbwa waliotibiwa katika hospitali ya chuo chao. Mwaka 2020 walitoa matokeo ya aina 35 za mbwa, na pia ya mbwa chotara waliogawanywa kwa uzito. Chotara waliofikia kilo 20 na zaidi wakiwa wakubwa, wakihasiwa kabla ya kutimiza mwaka, walipata zaidi maradhi ya nyonga, goti na kiwiko. Kwa walio wepesi kuliko hapo, ongezeko hilo halikuonekana. Na kwa German Shepherd, ambao siku hizi wanalinda maduka na nyumba za kukodisha hata huku kwetu, ushauri wao ni kungoja hadi apite miaka miwili.

Kwa hiyo msiulize jirani alifanya nini. Mpimeni mbwa. Mizani ipo kwa kila mnunuzi wa mahindi: simama juu yake umembeba mbwa, kisha simama peke yako, utoe. Kama bado ni mdogo, mtazame mama yake na, ukimjua, baba yake. Mbwa wa kienyeji mwepesi, ambaye hatafika kilo 20, ahasiwe kati ya miezi sita na mwaka, kabla hajajifunza njia ya ufuoni. Mkubwa avuke mwaka kwanza, na yule wa ukoo wa German Shepherd avuke miwili. Ila kungoja kuna sharti lake: anayengoja amfungie mbwa wake ndani ya ua. Ukimwacha azurure hadi mifupa ikomae, umemwokoa goti ukampa kichaa au mkuki wa mwenye mbuzi. Kama huna ua wala mnyororo, na mbwa ni wa kilo 20 na ushei, mimi ningemhasi mapema kidogo kuliko kumwachia barabara.

Aliyekwisha kuwa mzee naye hajachelewa. Tezi ya kibofu inayovimba uzeeni husinyaa, na saratani ya korodani haina tena mahali pa kuota. Mwenye korodani moja inayoonekana asiachwe kabisa, kwa sababu ile iliyojificha tumboni ndiyo yenye hatari kubwa zaidi ya kugeuka saratani.

Nawasikia wanaume wenzangu wakisema mbwa aliyehasiwa hupoteza ukali. Jamani, shamba lenu linalimwa na nani? Maksai anavuta plau kutwa nzima, na hakuna anayemwita mnyonge. Kulinda boma hakukai korodanini. Kinachopungua ni kuzurura, kukojolea kila ukuta na kugombania majike. Wala nisiwadanganye: mbwa anayeuma kwa woga hatibiwi kwa kisu, na aliyehasiwa huhitaji kupunguziwa chakula, la sivyo atanenepa. Pia idadi ya watoto wa mbwa haitashuka kwa kuhasi madume peke yao, kwani dume mmoja aliyebaki hutosha kijiji kizima. Majike nao wafungwe uzazi.

Tena kuhasi si chanjo. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912 kwa mbwa pembeni mwa Nairobi, na mwaka 1928 kikarekodiwa kwa binadamu, mwanamke wa ukanda huu huu wa Ziwa Victoria. Mpango wa taifa ulioanza 2014 unataka vifo vya watu kwa kichaa vikome kufikia 2030, kwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Mbwa wako achanjwe tangu miezi mitatu, na kila mwaka, ahasiwe asihasiwe. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15 kamili, kisha hospitali siku ile ile.

Kazi yenyewe aifanye daktari wa mifugo aliyesajiliwa, mbwa akiwa amelala kwa nusukaputi. Wembe na kamba bomani ni ukatili, na sheria ya nchi inakataza ukatili kwa wanyama. Alale njaa usiku wa kabla. Baada ya hapo asiingie ziwani wala asilambe mshono hadi upone, kama siku kumi hadi kumi na nne, na akae mbali na majike kwa zaidi ya mwezi, kwani mbegu zilizosalia bado zaweza kutunga mimba.

Gharama ni kikwazo cha kweli kwa mvuvi na mjane, nami sitawalaumu. Ndiyo maana nasema wafugaji waende barazani wakiwa wengi. Daktari wa kaunti akija na chanjo, mwulizeni mbele ya chifu: siku ya kuhasi nayo ni lini, na nani atalipia dawa ya kulaza?